Kioo cha babu na lebo yake: Mjerumani aliondoka vita gani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Nkuhungu, Dodoma:

"Shikamoo mtaalamu. Bibi yetu amefariki, na kati ya vitu vyake nyumbani Mpwapwa kuna kioo cha kujitazamia cha kuweka mezani. Fremu yake ni mbao ya duara iliyopindwa, kinazunguka katikati ya nguzo mbili, na chini kina kitako chenye droo ndogo. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba babu alikuwa mpishi wa Mjerumani kwenye shamba la mkonge karibu na Kilosa. Vita vilipotokea Mjerumani akachukuliwa, babu akaachiwa kioo, akapanda nacho treni hadi Gulwe. Babu alifariki 1989 akiwa na miaka themanini hivi. Chini ya kitako kuna lebo ya karatasi iliyotobolewa na wadudu. Nimeweza kusoma '…NET-MUNDUS', chini yake '…KOHN', na mwisho 'MADE IN CZECHO-SL…'. Wajomba wanasema ni cha enzi ya Mjerumani, kimepita miaka mia, na kuna mnunuzi wa Arusha anakitaka kabla ya arobaini. Fundi mmoja wa Chang'ombe anashauri abadilishe kioo kwa sababu kina madoa meusi upande wa chini, kisha apige msasa na vanishi. Mimi nataka kuibandua lebo niifanyie laminesheni isipotee. Tena, ni kweli vioo vya zamani vina sumu?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Kabla ya mengine yote: lebo ibaki ilipo, fundi asipige msasa popote, na mnunuzi asubiri. Hayo yote yanaweza kungoja wiki chache, na mawili ya kwanza yakishafanyika hayarudi nyuma.

Sasa tuisome lebo. Majina uliyoyaona ni ya kampuni tatu zilizoshindana kwa miaka mingi kabla ya kuungana, na zote kazi yao ilikuwa moja: samani za mbao zilizopindwa kwa mvuke. Mwanzilishi ni Michael Thonet, seremala aliyezaliwa Boppard, Ujerumani, mwaka 1796. Alihamia Vienna mwaka 1842, na mwaka 1853 akaikabidhi biashara kwa wanawe watano, ikaitwa Gebrüder Thonet. Kupinda mbao kwa mvuke hakukuwa jambo geni. Tatizo lilikuwa kwamba mbao nene ikipindwa, upande wa nje hutanuka mno ukapasuka. Thonet alifunga utepe wa chuma upande huo wa nje, mbao ikakosa nafasi ya kutanuka, ikalazimika kujibana kwa ndani. Ndiyo siri ya fremu yenu. Izungushie kidole: hutakuta viungo vinne vya pembeni kama kwenye kazi ya seremala wa kawaida. Utakuta kiungo kimoja au viwili virefu, vimekatwa mshazari na kuunganishwa kwa gundi, mara nyingi mahali ambapo macho hayafiki.

Haki ya Thonet ya kutumia mbinu hiyo peke yake ilikwisha mwaka 1869. Washindani waliingia mara moja, na mkubwa wao alikuwa Jacob & Josef Kohn, pia wa Vienna. Mundus ilizaliwa mwaka 1907 kwa kukusanya viwanda vidogo vidogo. Kohn na Mundus ziliungana 1914, na Thonet ikajiunga nazo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1922. Kwa hiyo karatasi inayobeba majina ya Thonet, Mundus na Kohn kwa pamoja ni ya baada ya muungano huo.

Mstari wa mwisho una nguvu zaidi. Viwanda vingi vya kundi hili vilikuwa Moravia, ambako misitu ya mti uliofaa kupindwa ilikuwa karibu. Leo eneo hilo liko Jamhuri ya Cheki, lakini hadi 1918 lilikuwa ndani ya milki ya Austria-Hungaria, na bidhaa zake zilizopelekwa nje ziliandikwa Austria. Chekoslovakia ilitangazwa tarehe 28 Oktoba 1918. Waingereza walikuwa wameshaichukua Dodoma tangu Julai 1916, na Kilosa mwezi uliofuata. Hakuna Mjerumani aliyeweza kuondoka Kilosa mwaka 1916 akaacha nyuma kitu chenye jina la nchi ambayo ilikuwa bado haijaundwa.

Upande wa pili wa kipimo chetu ni Machi 1939, Ujerumani ilipoikalia Bohemia na Moravia, Chekoslovakia ikafutwa kwenye ramani. Vita vilipokwisha viwanda vilitaifishwa. Kimoja chao, cha Bystřice pod Hostýnem, kinapinda mbao mpaka leo kwa jina la TON, ila muungano wa majina yale matatu haukurudi. Kioo chenu basi kilitoka kiwandani kati ya mwaka 1922 hivi na 1939. Miaka mia inaweza kuwa imetimia, inaweza isiwe imetimia. Enzi ya Mjerumani kwa maana ya utawala wake hapa, hapana.

Najua wajomba watanuna. Lakini hebu rudi kwenye barua yako mwenyewe. Babu alifariki 1989 akiwa na miaka themanini hivi, maana yake alizaliwa karibu na 1909. Waingereza walipofika Kilosa alikuwa mtoto wa miaka saba. Mtoto wa miaka saba hawi mpishi wa Mzungu, wala haachiwi kioo cha mezani akapanda nacho treni peke yake. Simulizi yenyewe ilikuwa na ufa kabla hata ya kuigeuza droo juu chini.

Hata hivyo sidhani kwamba babu alidanganya. Alisema vita vilitokea na Mjerumani akachukuliwa. Hakusema vita gani. Ninyi ndio mliojaza. Wajerumani walikatazwa kuishi Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mashamba yao yakauzwa na serikali ya Kiingereza kama mali ya adui. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1925, na wengi wakarudi, wakanunua au kuanzisha mashamba upya, ya mkonge na ya kahawa. Septemba 1939 vita vya pili vilipoanza, wanaume wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mali zao zikawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Mwaka huo babu alikuwa na miaka thelathini, umri hasa wa mpishi aliyekomaa kazini. Soma tena maneno yake kwa vita hivi na hutalazimika kubadilisha hata moja: Mjerumani wa Kilosa, vita, kuchukuliwa, treni ya reli ya kati hadi Gulwe, ambako ndiko watu wa Mpwapwa walikoshukia.

Neno moja tu ningelichunguza, nalo ni "kuachiwa". Mali ya adui ilikuwa ikiandikwa kwenye orodha, na vitu vya nyumbani viliweza kupigwa mnada. Inawezekana bwana yule alimpa mpishi wake kioo siku ya kukamatwa, na inawezekana babu alikinunua mnadani kwa mshahara wake. Kwangu hiyo ya pili ina heshima zaidi, lakini wazee wengi walipendelea kusimulia zawadi. Ukikuta namba ya chaki au ya penseli nyuma ya ubao, usikimbilie kusema ni ya mnada. Kiwanda kiliandika namba, duka liliandika namba, hata fundi wa kurekebisha huandika. Mwulize mjomba mkubwa kama kuna karatasi yoyote ya zamani kwenye sanduku la bibi: stakabadhi, cheti cha kazi, barua ya kumsifu mpishi. Karatasi kama hiyo yenye mwaka na jina la shamba itaunganisha kioo na babu kwa namna ambayo mimi siwezi kutoka huku.

Tuje kwenye jambo ambalo watu husahau. Lebo imebandikwa chini ya kitako, kwa hiyo inakishuhudia kitako. Fremu na kioo chenyewe lazima vijitetee vyenyewe, kwa kuwa si ajabu kukuta kitako cha zamani kimewekewa kioo kilichotoka kwingine. Angalia mbao mahali palipochubuka, kwa mfano ndani ya droo na chini ya nguzo. Viwanda hivi vilitumia mti wa Ulaya wa jamii ya Fagus. Rangi yake halisi ni kahawia nyepesi yenye wekundu kidogo, na ukiutazama kwa karibu utaona vidoa vifupi vya kahawia vilivyotapakaa kama uwele uliomwagika kwenye mkeka. Ukikuta fremu ni ya mninga, yenye wekundu mzito na mistari inayopindapinda, basi hiyo ilitengenezwa hapa nchini na fundi aliyeiga. Na mafundi wetu, Waafrika kwa Wahindi, waliiga vizuri sana. Angalia pia matundu ya skrubu zinazoshika nguzo: yakiwa seti moja tu, hakuna aliyewahi kubadilisha nguzo. Yakiwa mawili mawili, moja limezibwa, kuna hadithi nyingine.

Skrubu zenyewe zisome. Za kiwandani wakati ule zilikuwa na mfereji mmoja kichwani. Zenye alama ya msalaba zilianza kutumika Marekani katikati ya miaka ya 1930 na zilichukua muda kuenea. Ubao wa nyuma ya kioo ukiwa umeshikwa na skrubu za msalaba, jua kwamba ulishafunguliwa na mtu baadaye, na hapo swali la kama kioo ni cha asili linakuwa zito.

Je, lebo yenyewe ni ya kweli? Kwa kitu kilichokaa Mpwapwa kwa mpishi mstaafu sina sababu ya kushuku, lakini mnunuzi atauliza, kwa hiyo uwe na jibu. Wewe umetaja matundu ya wadudu, na hayo ni bahati. Tazama kama tundu la kwenye karatasi linaendelea moja kwa moja kuingia kwenye mbao. Likiendelea, karatasi ilikuwapo kabla ya mdudu. Kisha nenda kwa wakala yeyote wa fedha mwenye taa ya zambarau ya kukagulia noti, uombe akumulikie lebo mahali penye kiza. Karatasi za kisasa huwekewa dawa ya weupe, na chini ya taa ile hung'aa buluu kali. Dawa hiyo ilienea baada ya Vita vya Pili, kwa hiyo karatasi ya kabla ya hapo hubaki imefifia. Taa hiyohiyo wakati mwingine huonyesha herufi ambazo kwa macho zimeshapotea. Ukiwa hapo piga picha, nyingi, na nyumbani piga nyingine kwa kuilaza tochi ya simu karibu na ubao ili mwanga upite juu ya karatasi kwa mshazari. Geuza rangi za picha ziwe kinyume kwenye simu. Ninaamini utapata herufi mbili tatu zaidi.

Kuhusu laminesheni, naomba uisahau kabisa. Lebo iliyobanduliwa ni kipande cha karatasi tu. Thamani yake ni kuwa mahali pale. Tena gundi ya zamani hukauka ikawa ngumu, na ukianza kuichokonoa itatoka vipande vipande. Usiweke selotepu juu yake, maana gundi ya selotepu huingia kwenye karatasi na kuacha doa la njano lisilotoka. Usiilowanishe. Kata karatasi nyeupe safi, ifunike lebo, na ishikilie kwa uzi wa pamba unaozunguka kitako. Kinatosha.

Sasa madoa meusi na sumu. Vioo vya zamani kweli vilitengenezwa kwa zebaki, ikichanganywa na bati kwenye mgongo wa kioo. Mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig aligundua mwaka 1835 namna ya kupaka kioo madini ya fedha kwa kemikali, na ilipofika karibu na 1900 mbinu hiyo ilikuwa imeiondoa zebaki viwandani. Kioo cha miaka ya 1920 au 1930 ni cha fedha, kwa hiyo kwa upande wa zebaki lala usingizi. Rangi iliyopakwa nyuma kulinda fedha ni jambo jingine: rangi za wakati ule ziliweza kuwa na risasi ndani yake. Ikiwa haichunwi haina neno. Ikipigwa msasa inakuwa vumbi, na vumbi hilo ndilo baya kwa fundi na kwa watoto wa nyumba. Hiyo ni sababu ya pili ya kumnyima fundi wako kazi.

Madoa yanatokana na unyevu unaoingia kwenye ukingo, ukakuta fedha, pamoja na salfa ya hewani, fedha ikageuka nyeusi. Huanza chini kwa sababu maji ya kufutia hutiririka na kukaa kwenye mfereji wa fremu. Kwa kweli Mpwapwa na Dodoma zimekihifadhi kioo hiki. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na miezi mingi ya mwaka hewa ni kavu. Kingekuwa Tanga au Bagamoyo, sijui kama mngekuwa mnajiona usoni. Madoa yale hayaponi, lakini unaweza kuyasimamisha: futa kioo kwa kitambaa kilicholowana kidogo tu, kipanguse kutoka pembeni kuelekea katikati, na usinyunyizie dawa ya kusafishia vioo moja kwa moja.

Kujua kama kioo ni cha asili, simama mbele yake ukitazama mstari ulionyooka ulio nyuma yako, kama ukingo wa dari au wa mlango, kisha sogeza kichwa polepole. Mstari ukicheza na kujipinda, ni kioo cha kuvutwa cha zamani. Vioo vya siku hizi hutengenezwa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyuka, mbinu iliyotangazwa na Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, na mstari ndani yake hautikisiki. Ila usikate tamaa mstari ukitulia, kwa kuwa vioo vya bei vya zamani vilisagwa na kusuguliwa vikawa bapa vilevile. Hapo gusa ukingo. Ukiwa umechongwa mshazari kwa upana na ulaini, huku ukizama taratibu bila kona kali, uko pazuri.

Kioo hicho chenye madoa ni sehemu ya samani yenu. Mnunuzi anayejua anataka madoa. Asiyejua anataka kung'aa. Kama mtu wa nyumbani anahitaji cha kujipambia, anunue kingine.

Vanishi nayo hapana. Samani hizi zilimaliziwa kwa rangi na utomvu wa asili uliopigwa kwa spiriti. Tia tone dogo la spiriti mahali pasipoonekana: likilainisha rangi na kunata, ule mpako wa kiwandani bado upo, na ndio unaompa kila mtu hamu ya kukinunua. Futa vumbi kwa brashi laini, halafu paka nta ya nyuki kidogo sana na kusugua kwa kitambaa kikavu. Asali ya Manyoni haijaisha, nta ipo. Usipake mafuta ya alizeti, ingawa najua nyumba nyingi za kwetu hufanya hivyo: hukaa juu, hunata, hukusanya vumbi jekundu, mwisho samani yote inanuka. Na usikiweke sakafuni. Mti ule wa Ulaya hauna ubavu wa kupambana na mchwa wa Dodoma.

Mnunuzi wa Arusha. Viti vya kundi hili vilitengenezwa kwa mamilioni na vikasafirishwa dunia nzima vikiwa vimefunguliwa vipande. Kiti maarufu cha Thonet, namba 14 cha mwaka 1859, kilifungwa 36 kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Vioo vya mezani vilikuwa vichache kuliko viti, na chenye lebo inayosomeka ni kichache zaidi. Hiyo haikifanyi kuwa hazina ya kununulia kiwanja Iyumbu, lakini inatosha kukufanya usikubali bei ya kwanza. Akikuambia kimeharibika kwa sababu ya madoa, sasa unajua. Akikuambia serikali itakichukua kwa kuwa ni mali ya kale, mweleze kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaanza na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na chenu kimetoka Ulaya zaidi ya nusu karne baadaye. Kama anataka kukipeleka nje ya nchi, yeye ndiye aende Idara ya Mambo ya Kale kuuliza, si ninyi. Na mkiuza, andikeni ukweli: cha kati ya vita viwili, kutoka kwa mpishi wa shamba la mkonge la Kilosa. Kwa mnunuzi makini hiyo ina mvuto kuliko "enzi ya Mjerumani" ambayo lebo itaikana mara akigeuza kitako.

Kikisafirishwa, kwa uamuzi wowote mtakaofikia, kitenganisheni kioo na nguzo kama skrubu zinaachia kwa urahisi, zikigoma msilazimishe. Kioo kisimame wima, kisilazwe, kiwe katikati ya magodoro au blanketi, na droo ifungwe kwa uzi wa pamba. Kisifungwe kwa utepe wa gundi, kwa kuwa ukibanduliwa utaondoka na rangi ya kiwandani.